Mizunguko 60 Inayopotea

Ubavuni mwa mota ya mashine ya kusaga nafaka kuna kibati kidogo, mara nyingi kimefunikwa na vumbi la unga. Ukikifuta kwa kidole, maandishi yanajitokeza: 7.5 kW, 400 V, 50 Hz, 1440 rpm. Wenye mashine wengi huishia kwenye tarakimu ya kwanza, ile ya nguvu: hiyo ni mota ya hospawa 10. Fundi huangalia pia ya mwisho, idadi ya mizunguko kwa dakika.

Mota hiyo ina sehemu kuu mbili. Stata imetulia tuli, na ndani yake ndimo zilimosukwa nyaya za shaba. Mota ikiungua, ndizo fundi anazozing'oa na kuzisuka upya. Katikati huzunguka rota, yenye shafti inayotoka nje na kufungwa puli na mkanda wa kinu. Hakuna waya wowote unaopeleka umeme kwenye rota. Umeme wa fezi tatu, ukipokezana katika nyaya za stata, huunda uga wa sumaku unaozunguka. Uga huo huamsha mkondo ndani ya rota na kuikokota.

Kwa mota ya ncha nne za sumaku, umeme wa 50 Hz huuzungusha uga mara 1500 kwa dakika. Mbona kibati kinasema 1440?

Rota haiwezi kwenda sambamba na uga na bado ikafanya kazi. Ikiufikia tu, hakuna mkondo unaoamshwa, na nguvu ya kuikokota inakwisha. Pengo hilo la mizunguko 60, yaani asilimia 4, huitwa mtelezo. Mahindi yakimwagwa kwa pupa kinuni, rota hupunguza kasi, mtelezo hukua, mkondo hupanda na mlio wa mota huwa mzito. Ikilemewa mno, swichi ya kinga, ovalodi, hukata umeme kabla nyaya hazijaungua.

Wakati wa kuwasha, rota ikiwa bado imesimama, mtelezo ni asilimia 100. Mkondo unaweza kufika mara sita ya ule wa kawaida, na taa za jirani zikafifia. Ndiyo maana mafundi hufunga swichi ya kuwashia ya sta-delta, inayoupunguza mkondo huo hadi theluthi moja.

Draivu, kifaa cha kielektroniki cha kudhibiti kasi ya mota, hufuata njia nyingine: hupunguza volti na hezi kwa pamoja, kisha huzipandisha taratibu. Ikishikilia 25 Hz, uga huzunguka mara 750 kwa dakika, na rota hufuata nyuma kidogo.