Pesa ya Waya Si Pesa ya Unga: Kutoka Weita Diani hadi Fundi Stima Ukunda

Makala haya yameandikwa na mteja wetu, fundi wa umeme anayefanya kazi Ukunda na vijiji vya jirani. Zamani alikuwa weita hotelini. Tulimwomba aeleze jinsi alivyobadilisha kazi, na jinsi simu yake ilivyomsaidia na kumponza.

Mwaka ambao simu haikulia

Nilibeba sinia Diani kwa miaka kumi na mmoja. Anayeijua kazi ya hoteli huku kwetu anaijua kalenda yake. Desemba hulali. Aprili mvua zikianza, wageni wanapungua na wewe unaambiwa, "Nenda nyumbani, tutakupigia." Tulikuwa tumezoea. Mei tunakopa dukani, Agosti tunalipa.

Mwaka 2020 simu haikulia. Tarehe 25 Machi ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa. Tarehe 8 Aprili Kwale, Kilifi na Mombasa zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Ndege za nje ziliruhusiwa tena tarehe 1 Agosti, lakini wageni hawakuja siku hiyo. Nilikuwa na miaka 36, watoto watatu, na shilingi 7,300 kwenye simu.

Jirani yangu fundi alikuwa akiweka stima kwenye nyumba mbili kule Bongwe. Nikamwambia, "Kaka, hata kutoboa ukuta nitatoboa." Akanichukua kwa shilingi 500 kwa siku, siku zenye kazi. Nikatoboa, nikapitisha paipu, nikavuta waya. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo kwa miaka kumi na mmoja sikuliona: mgeni aje asije, mtu anataka taa. Soketi ikiungua haingoji Desemba. Na ukikaribia bahari kazi haiishi, kwa sababu upepo wa chumvi unakula viungio vya waya mwaka mzima.

Darasani na vijana wa miaka 18

Januari 2021 nikajiandikisha chuo cha ufundi. Wenzangu waliniita "anko". Wiki ya kwanza niliona haya, ya pili nikazoea, kwa sababu niligundua kwamba ule usaidizi wa Bongwe ulinifundisha mikono tu. Sababu za mambo sikuzijua.

Kwa mfano, kwa nini taa huwekewa waya wa 1.5 na soketi wa 2.5, na shawa ya maji moto waya mnene zaidi wenye breka yake peke yake? Kwa sababu mkondo mkubwa ukipita kwenye waya mwembamba, waya unapata joto. Chini ya paa la makuti, joto hilo ni moto. Na ule waya wa kijani na manjano, ati, ambao wengine huuacha ili kupunguza gharama? Umeme ukivuja kwenye bodi ya friji, huo ndio njia yake ya kutokea. Usipokuwepo, njia inayobaki ni mwili wa anayeligusa.

Nilifanya mtihani wa NITA wa Gredi ya 3, kisha nikafanya kazi chini ya fundi mwenye leseni mpaka nikaomba leseni yangu kwa EPRA. Usiiruke hatua hii. Chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, kazi ya kuweka umeme hufanywa na mwenye leseni. Ni yeye pia anayetia saini cheti cha kazi iliyokamilika kabla Kenya Power haijaunganisha nyumba mpya.

Karo niliilipa kidogo kidogo. Kila Ijumaa nilifungia shilingi 300 kwenye akaunti ya akiba ya simu, mahali ambapo siwezi kuzichukua kwa njaa ya siku moja. Muhula ukifika nalipa moja kwa moja kwenye namba ya chuo na kulisoma jina linalotokea kabla sijaweka namba ya siri. Kuna jamaa aliyeniahidi cheti bila mtihani, "tuma tu kwa hii namba yangu." Sikutuma. Mwenzangu wa darasa alituma, na mpaka leo anamtafuta.

Shilingi 2,400 za mama wa Mwabungo

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika.

Leseni yangu ilikuwa na miezi minne. Mama mmoja mjane wa Mwabungo alitaka soketi tatu na taa ya nje. Tukapiga hesabu ya vifaa, akanitumia shilingi 6,000. Ujumbe ukaingia kwenye simu ileile yenye pesa zangu, na salio likawa moja. Nililitazama nikajiona nina pesa.

Usiku ule mtoto wangu wa mwisho akashikwa na homa kali. Nikalipa bodaboda, vipimo na dawa. Asubuhi nilikuwa nimetumia 2,400. Mtoto alipata nafuu, alhamdulillahi. Lakini waya sikununua. Siku ya kwanza nikamwambia yule mama duka limefungwa. Siku ya tatu nikamwambia waya wa saizi ile umekwisha. Siku ya tano sikushika simu yake.

Siku ya tisa alikuja mwenyewe mpaka kwangu, kwa miguu. Hakugomba. Alisema, "Mwanangu, kama pesa imepata shida ungeniambia, ningengoja. Sasa nimengoja bila kuambiwa."

Nilikopa kwa shemeji, nikanunua vifaa, nikamfanyia kazi bila kumdai hata shilingi ya ufundi. Hata hivyo, kwa mwaka mzima hakuna mtu wa mtaa wake aliyeniita. Nilikuwa nimesomea umeme na kupita, lakini kwenye pesa ya mtu nilianguka. Hotelini mteja analipa kaunta, weita anapokea mshahara na bahshishi yake. Fundi ndiye kaunta. Hilo chuoni sikulisoma.

Ninavyofanya sasa

1. *Pesa ya mteja ina nyumba yake.* Malipo yote ya kazi yanaingia kwenye namba ya tili ya biashara. Laini yangu ya kawaida ni ya nyumbani. Nikimaliza kazi na mteja akiridhika, ndipo ninapohamisha ufundi wangu.

2. *Vifaa nalipa moja kwa moja dukani.* Natoka na orodha, nalipa kwa tili ya duka, kisha namtumia mteja picha ya risiti. Ikibaki chenji, namrudishia au tunaikata kwenye ufundi, naye anajua.

3. *Shilingi 100 za homa.* Kila siku ya kazi naweka 100 kwenye akiba ya dharura. Ni ndogo, lakini ndiyo inayozuia mkono usiende kwa mjane.

4. *Natazama salio, sitazami ujumbe wa mteja.* Mtu akinionyesha kwenye simu yake kwamba ametuma, namjibu kwa heshima, "Sawa bosi, ngoja niangalie kwangu." Ujumbe wa uongo unaandikika kwa dakika moja.

5. *Naweka rekodi.* Kila mwisho wa mwezi naitisha taarifa ya miamala na kuilinganisha na daftari langu. Ukitaka mkopo wa vifaa siku moja, taarifa hiyo ndiyo itakayokusemea.

6. *Nikikwama, napiga simu siku hiyohiyo.* Hili halihitaji teknolojia.

Mwaka jana yule mama wa Mwabungo alinipigia. Binti yake anajenga chumba nyuma ya nyumba. Akanitumia pesa ya vifaa kwenye tili, kisha akaniambia, "Hii ni ya waya, fundi." Nikamjibu, "Ni ya waya, mama." Saa sita mchana picha ya risiti ilikuwa kwenye simu ya binti yake.

*Kumbuka: hakuna mhudumu wetu atakayekuuliza namba yako ya siri, kwa simu wala kwa ujumbe. Na kabla ya kumlipa fundi wa umeme, mwombe akuonyeshe leseni yake ya EPRA. Fundi wa kweli hatakasirika.*