Nyumba Ikiota Kuvu, Nani Huadhibiwa? (Sehemu ya Tatu)

Sehemu mbili zilizotangulia zilihusu maji. Tuliona yanavyopanda ukutani kutoka ardhini pale msingi unapojengwa bila ile karatasi nzito ya kuzuia unyevu, na yanavyoshuka kutoka juu pale bati na gata vinapofungwa harakaharaka ili fundi awahi kazi nyingine. Leo tunaingia upande wa sheria. Mwenye nyumba wa Mwisenge au Makoko, hapa Musoma, amemlipa mtaalamu mwenye cheti. Masika ya kwanza ikamwachia ukuta mweusi, lipu inayodondoka na watoto wanaokohoa usiku kucha. Anataka kujua jambo moja tu: mtu huyu atafanywa nini?

Jibu linategemea kwanza kama jina la mtu huyo limo katika daftari la bodi yoyote.

Zipo nchi zilizoifanya kuvu ya majumbani kuwa taaluma yenye leseni yake. Huko Texas, Marekani, mambo yalichemka mwaka 2001, pale jopo la raia mahakamani lilipoiamuru kampuni ya bima imlipe Melinda Ballard dola milioni 32 kwa jumba lake la Dripping Springs lililoharibiwa na kuvu. Mahakama ya rufaa baadaye ilikata sehemu kubwa ya fedha hizo, lakini kampuni za bima zilikuwa zimeshatetemeka, na vijana wenye ndoo na brashi walikuwa wameshajiita wataalamu wa kuvu. Mwaka 2003 jimbo hilo likatunga sheria ya leseni. Ndani yake mna sharti ambalo naliona ndilo lenye akili kuliko yote: anayepima kuvu katika jengo haruhusiwi kuwa ndiye anayelitengeneza jengo hilohilo. Sababu iko wazi. Mpimaji anayetarajia kupewa kazi ya kutengeneza ataona kuvu hata kwenye kivuli cha kabati, na mtengenezaji anayejikagua mwenyewe atasema nyumba imepona kabla rangi haijakauka. New York ilifuata, na sheria yake ikaanza kutumika mwaka 2016: kosa la kwanza faini hadi dola 2,000, makosa yanayofuata hadi dola 10,000 kila moja, na leseni yenyewe inaweza kusimamishwa au kufutwa.

Kwetu Tanzania hakuna leseni ya kuvu. Kazi hiyo imegawanyika katika mikono kadhaa, na kila mkono una bodi au baraza lake. Anayekuja kukagua kama nyumba inafaa kukaliwa na watu ni afisa afya mazingira, ambaye taaluma yake ina baraza la usajili kwa sheria ya mwaka 2007, na ambaye Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa meno dhidi ya majengo yenye madhara kwa afya. Aliyechora nyumba ni mbunifu majengo, na aliyepiga hesabu ya vifaa ni mkadiriaji majenzi. Hawa wawili wana bodi moja, inayoongozwa na sheria ya mwaka 2010. Mhandisi yuko chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Mkandarasi yuko chini ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB. Bodi hizi mbili za mwisho zinatumia sheria zilizotungwa mwaka 1997. Na yule anayekuja na bomba mgongoni kupuliza viuatilifu anaingia katika himaya ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu yenye makao Arusha. Kwa hiyo swali la "nimshtaki wapi?" lina majibu matano, na wengi hukosea hapo: barua inapelekwa kwa bodi isiyohusika, inakaa, mtu anakata tamaa.

Bodi hizi zinafanana katika ngazi za adhabu. Chini kabisa lipo onyo, kisha karipio, kisha kusimamishwa kwa muda, na juu kabisa kufutwa katika daftari. Aliyefutwa haruhusiwi tena kujiita mhandisi au mkandarasi mbele ya umma, wala kutia saini na muhuri kwenye michoro, wala kuomba zabuni. Kwa kampuni yenye mitambo na mikopo ya benki, kusimamishwa miezi sita tu kunaweza kuwa kifo.

Kabla ya kufika huko, mtuhumiwa lazima asikilizwe. Hili halitokani na huruma ya bodi. Ni Katiba, ibara ya 13(6)(a), inayompa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa dhidi ya uamuzi unaogusa haki zake. Mlalamikaji wa Bunda anayekasirika kuona mkandarasi wake anapewa siku za kujibu na nafasi ya kuleta mashahidi akumbuke kwamba adhabu iliyotolewa bila utaratibu huo hutenguliwa, na mtu anarudi kazini akiwa na karatasi ya mahakama inayomsafisha.

Sasa, kosa lenyewe ni lipi? Kuvu peke yake si kosa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani mwaka 2009, na halikuweka kiwango cha namba ambacho chini yake kuvu ni salama na juu yake ni hatari. Lilichosisitiza ni kuzuia unyevu unaodumu ndani ya jengo. Maana yake kwa mlalamikaji ni kubwa. Hutafika mbele ya bodi na kusema "kuvu imezidi kiwango." Utafika na kusema: mchoro ulionyesha karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi, nimechimbua pembeni mbele ya mashahidi, haipo. Au: mteremko wa bati uliochorwa si huu uliojengwa. Au: choo cha ndani kimejengwa bila hata tundu la kupitisha hewa, na mhandisi alitia saini kwamba alikagua. Kosa ni pengo kati ya kilichoahidiwa na kilichojengwa, au kati ya kilichojengwa na kile ambacho mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani ile angekifanya.

Yapo makosa mengine ambayo mwenye nyumba hayaoni lakini bodi huyatazama kwa jicho kali. Makandarasi wa majengo wamepangwa katika madaraja saba, na kila daraja lina ukomo wa thamani ya kazi. Wa daraja la saba hawezi kujenga hoteli. Wapo wanaokodisha cheti: kampuni yenye jina Mwanza inampa mtu wa Musoma nakala ya usajili, inapokea asilimia yake, na haikanyagi eneo la ujenzi hata siku moja. Nyumba ikiota kuvu, mwenye cheti anasema hakujenga yeye, na aliyejenga hana cheti. Kwa maoni yangu hili ndilo linalostahili kufutwa usajili bila kupitia ngazi za chini, kwa sababu linalifanya daftari zima kuwa uongo. Lakini tunachokisikia zaidi magazetini ni makundi ya makandarasi kufutwa kwa sababu hawajalipa ada ya mwaka. Ada ni lazima ilipwe, sawa. Ila mwananchi anayesoma habari hiyo hudhani wamefutwa wajenzi wabovu, kumbe wamefutwa wadaiwa.

Utetezi mmoja utausikia sana katika mkoa huu wa Mara: ziwa. Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kufikia rekodi ya mwaka 1964, na nyumba nyingi za ufukweni ziliingiliwa. Mkandarasi atasema hiyo ni kazi ya Mungu. Kwa aliyejenga 2015 pengine. Kwa aliyejenga baada ya mwaka 2020, tayari ziwa limeonyesha mara mbili linaweza kufika wapi, na mtaalamu analipwa ili akumbuke mambo ya aina hiyo. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mhandisi aliyetia saini nyumba iliyo mita 30 kutoka majini ana swali jingine la kujibu kabla ya lile la kuvu, na mwenye nyumba pia analo, kwa hiyo ajipime kabla ya kuandika barua. Butiama hawana kisingizio cha ziwa. Huko maji hutelemka kwenye majabali na kusukuma ukuta wa nyuma, na dawa yake, yaani mfereji wa kuyaelekeza pembeni, ni jambo la mwaka wa kwanza chuoni.

Kuna jambo linalowachanganya hata wasomi. Bodi humwadhibu mtaalamu. Haikurudishii fedha zako. Adhabu ya kinidhamu ni ya kulinda umma na heshima ya fani. Ukitaka gharama za kubomoa lipu na kujenga upya, hiyo ni kesi ya mkataba mahakamani, na Sheria ya Ukomo inakupa miaka sita tangu mkataba ulipovunjwa. Unaweza pia kukubaliana na mwenzako kwenda kwa mwamuzi. Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, husimamia usuluhishi wa migogoro ya ujenzi. Na kama mtu amekufa, mambo yanahamia kwa mwendesha mashtaka. Jengo la ghorofa 16 lilipoanguka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, mwenye jengo na wataalamu waliohusika walipandishwa kizimbani kwa mashtaka ya kuua bila kukusudia. Njia hizi tatu zinaweza kwenda kwa pamoja. Mtu anaweza kushinda kesi ya jinai na bado akafutwa na bodi yake, kwa kuwa bodi haiulizi kama ni mhalifu. Inauliza kama anafaa kuaminiwa kwa kazi hiyo.

Kuvu haiui kwa kishindo kama ghorofa, ndiyo maana haiundiwi tume ya uchunguzi. Lakini huua. Uingereza, katika mji wa Rochdale, mtoto Awaab Ishak alikufa Desemba 2020 akiwa na miaka miwili, na mchunguzi wa vifo alitamka mwaka 2022 kwamba chanzo kilikuwa kuvu ya nyumba ya kupanga ambayo wazazi wake waliilalamikia kwa muda mrefu. Nchi ile sasa ina sheria yenye jina la mtoto huyo, inayowapa wamiliki wa nyumba za jamii muda maalumu wa kushughulikia unyevu.

Turudi nyumbani, kwenye majengo ambayo hakuna mkandarasi kabisa. Madarasa mengi ya vijiji vya Bunda na Butiama yamejengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti: fedha zinaingia akaunti ya shule, kamati ya wananchi inanunua saruji, fundi wa kijijini anajenga. Madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO-19, kutoka mkopo wa serikali wa shilingi trilioni 1.3, yalijengwa nchi nzima kwa namna hiyo, na kwa muda mfupi. Utaratibu huu umeokoa fedha nyingi na siupingi. Lakini ukuta wa darasa ukianza kuota kuvu, CRB haina wa kumwita. Fundi hana usajili wa kufutwa. Mwalimu mkuu na kamati si wataalamu. Anayebaki ni mhandisi wa halmashauri, na huyu ana mabwana wawili: mwajiri wake kwa kanuni za utumishi wa umma, na ERB kwa kiapo cha fani yake. Wananchi wengi hawajui kwamba njia hiyo ya pili ipo na kwamba mhandisi wa serikali anaweza kulalamikiwa kwa bodi kama mhandisi mwingine yeyote. Kwa haki yake niseme pia kwamba mhandisi mmoja mwenye gari moja lisilo na mafuta na miradi iliyotawanyika wilaya nzima ana utetezi wa kweli, ambao bodi inayotenda haki italazimika kuupima.

Kama umeamua kulalamika, usipake rangi. Nalisema hili kwa sababu karibu kila mtu huanza na rangi. Ni sawa na kumvisha maiti suti, na tena unaharibu ushahidi. Piga picha masika inapochanganya, zenye tarehe, ukuta mmoja kwa wiki kadhaa. Mwite afisa afya wa kata, mwombe taarifa ya maandishi yenye muhuri, maana yeye hana maslahi katika matengenezo. Kusanya mkataba, risiti, michoro, kibali cha ujenzi, na picha ya ubao wa mradi ulioonyesha jina la mkandarasi na mhandisi msimamizi. Thibitisha usajili wao kabla hujaandika chochote. Kisha andika barua fupi: nani, kazi gani, lini, nini kilipaswa kufanywa, nini kilifanywa. Matusi yaache nyumbani. Ofisi za kanda za CRB na ERB ziko Mwanza, nauli ya basi moja kutoka Bunda.

Na kwa ambaye hajajenga bado, atazame kipengele kimoja cha mkataba ambacho watu hukiruka, yaani kipindi cha uangalizi, ambapo sehemu ya malipo huzuiliwa hadi kasoro zijitokeze na kurekebishwa. Mikataba mingi ya nyumba ndogo huandikwa miezi sita. Mara ina misimu miwili ya mvua. Nyumba ikikabidhiwa Juni, miezi sita inaisha Desemba, vuli imepita na masika haijagusa ukuta. Fedha inatoka, mkandarasi anaondoka, na mvua ya Machi inakukuta peke yako. Andikeni miezi 12.