Stendi ya Kukatia Mbao: Kinga Rahisi kwa Mafundi wa Nyumbani

Wakaazi wengi wa Nyeri, kuanzia Karatina hadi Mweiga, hurekebisha wenyewe mabanda ya ng'ombe, vizimba vya kuku na ua kabla ya mvua ya Machi hadi Mei. Mara nyingi mbao hukatiwa juu ya jiwe, ndoo iliyopinduliwa au hata goti. Mbao ikiteleza, msumeno huruka na kumjeruhi anayekata. Stendi mbili za mbao hupunguza hatari hiyo, na mtu anaweza kuzitengeneza kwa siku moja.

Vifaa vya stendi mbili

• Mbao ya 4x2, futi 6
• Mbao ya 3x2, futi 16
• Mbao ya 6x1, futi 14
• Misumari ya inchi 3 na ya inchi 2

Mbao za saiprasi zinafaa kwa kuwa ni nyepesi na hukatika kwa urahisi. Chagua zilizokauka. Mbao mbichi husinyaa na kupinda, na misumari hulegea.

Hatua za kufuata

1. Kata mbao ya 4x2 vipande viwili vya futi 3. Hivi ndivyo vichwa vya stendi.

2. Kata 3x2 vipande vinane vya futi 2. Kila stendi ina miguu minne.

3. Laza miguu miwili chini, ncha za juu zikikaribiana na za chini zikiachana kwa inchi 18. Simamisha kipande cha 4x2 kati ya ncha za juu, chora mshazari kando yake, kisha ukate. Tumia mguu wa kwanza kama kipimo cha mingine yote.

4. Pigilia miguu ubavuni mwa kichwa kwa misumari ya inchi 3, inchi 3 kutoka kila mwisho. Usipigilie msumari wowote kutoka juu, kwa sababu msumeno utaugonga.

5. Funga kila jozi ya miguu kwa kipande cha 6x1 cha futi 1, kikigusa kichwa kwa chini. Malizia kwa vipande vya futi 2 na nusu kwenye pande ndefu, karibu inchi 8 kutoka ardhini. Hivi huzuia stendi kuyumba.

Namna ya kukata

Laza mbao juu ya stendi zote mbili, ishikilie kwa goti, na uache kipande unachokata kitokeze nje ya stendi moja ili kianguke chenyewe. Ukikata katikati ya stendi mbili, mbao hubonyea na kuubana msumeno. Watoto wakae mbali. Stendi hizi zisitumiwe kama jukwaa la kupandia.

Mtu akijikata, jeraha libanwe kwa kitambaa safi na afikishwe katika kituo cha afya kilicho karibu, ambako pia ataulizwa kuhusu chanjo ya pepopunda.

Chini ya Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la kaunti. Vijana wanaotaka kusomea useremala wanahimizwa kuulizia nafasi katika chuo kilicho karibu nao.