Kuchagua Oili ya Injini na ya Gia kwa Trekta la Zamani

Ukiulizwa kwa nini mashine hutiwa oili, usiishie kuandika "ili ilainike". Jibu hilo ni sahihi, lakini halijakamilika. Oili hufanya kazi tano: hupunguza msuguano, huondoa joto, hubeba uchafu na masizi, huziba nafasi kati ya ringi za pistoni na silinda, na huzuia kutu. Oili isiyofaa huziathiri zote tano.

Mfano wetu ni Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kuundwa katikati ya miaka ya 1960, ambalo mpaka leo hulima katika mashamba ya Afrika Mashariki. Aina nyingi za trekta hilo zina injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda tatu.

1. Kusoma maandishi ya mkebe

Kwanza tafuta herufi SAE. Namba inayofuata huonyesha mnato, yaani ukinzani wa oili dhidi ya kutiririka. Linganisha asali na maji: asali ina mnato mkubwa zaidi. Oili ya SAE 30 ina kipimo kimoja cha mnato. Oili ya 15W-40 ina vipimo viwili. 15W hueleza tabia yake wakati wa baridi, injini inapowashwa. 40 hueleza mnato wake ikiwa na joto la nyuzi 100 za Sentigredi. Herufi W inatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Usiandike kwamba inasimamia uzito.

Pili, tafuta herufi API. Hizi huonyesha ubora na matumizi. Daraja linaloanza na S, kama SL, ni la injini za petroli. Linaloanza na C, kama CF-4 au CI-4, ni la injini za dizeli.

2. Oili ya injini

Matrekta mengi ya zamani yaliandikiwa oili ya mnato mmoja. Siku hizi, katika maeneo ya joto, 15W-40 ya dizeli hutumika sana badala yake, kwa sababu hutiririka vizuri asubuhi na bado huwa nzito ya kutosha mchana. Hata hivyo, mwamuzi wa kwanza ni kitabu cha trekta lenyewe.

Angalia mambo mawili. Kwanza, oili za kisasa zina dawa za kusafisha. Injini iliyokaa miaka mingi bila kusafishwa ikitiwa oili hiyo, tope la ndani huweza kulegea na kuziba chujio. Kwa hiyo, baada ya badiliko la kwanza, badilisha oili na chujio tena mapema. Pili, injini iliyochakaa ikitoa moshi wa buluu, wengine hutia oili nzito zaidi. Moshi huweza kupungua, lakini ringi zilizolika hubaki zimelika. Oili nzito huficha dalili, haitibu ugonjwa.

3. Oili ya gia

Hapa ndipo wengi hukosea. Namba za oili ya gia zina kipimo chake. Oili ya gia ya 90 si nzito mara tatu ya oili ya injini ya 30. Mnato wake unakaribiana na wa oili ya injini ya 40 au 50.

Katika MF 135, pampu ya haidroliki inayonyanyua plau imo ndani ya oili ileile ya gia. Oili moja hulainisha meno ya gia na pia hupeleka nguvu ya kunyanyua. Ndiyo maana hutumika oili ya matrekta ya matumizi mengi, ambayo kwenye mkebe huandikwa UTTO.

Nililijua hili kwa hasara. Msimu mmoja, mvua zikiwa zimeanza, baba yangu alishauriwa kutia oili ya gia ya 140 "ili idumu". Asubuhi, kwa baridi ya milimani kwetu, pampu ililia na plau ikanyanyuka kwa kujikokota. Oili yote, zaidi ya debe zima, ilimwagwa na kununuliwa nyingine. Majirani waliokuwa wamelipia kulimiwa walisubiri, na mvua haikuwasubiri.

Kwa trekta ambalo giaboksi yake inajitegemea, kitabu mara nyingi hutaja oili ya gia kama 80W-90. Hapo soma daraja: GL-4 au GL-5. GL-5 huwa na dawa nyingi zaidi za kuhimili mgandamizo, na baadhi yake huweza kula bushi za shaba. Kama kitabu kimetaja GL-4, usidhani kwamba namba kubwa ni bora zaidi.

Kumbuka

• Pima oili trekta likiwa sehemu tambarare na injini imezimwa kwa dakika kadhaa.
• Weusi wa oili ya dizeli ni masizi, si lazima uwe ubovu. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji. Yenye harufu ya dizeli na kiasi kilichoongezeka inaonyesha kuvuja kwa mafuta.
• Usimwage oili chafu shambani wala mtoni. Ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko.

Maswali ya kujipima

1. Taja kazi tano za oili. (alama 5)
2. Eleza maana ya 15W-40. (alama 2)
3. Mkulima ana MF 135 ambalo plau yake hunyanyuka polepole mara tu baada ya kubadilisha oili ya gia. Eleza chanzo kinachowezekana na umshauri. (alama 3)

Dokezo la swali la 3: alama haitolewi kwa kutaja "oili mbaya" pekee. Eleza uhusiano wa mnato, pampu na oili inayotumiwa kwa pamoja, kisha toa ushauri.