Kidimbwi cha Kuogelea: Jihadhari na Kichocho

Je, unapanga kuchimba kidimbwi cha kuogelea bustanini, maji yakisafishwa na mimea badala ya klorini? Mtindo huu ulianza kuvuma huko Austria miaka ya 1980. Takriban nusu ya kidimbwi hupandwa matete, na bakteria wanaoishi kwenye mizizi yake husafisha maji.

Lakini hapa Kenya kuna konokono wa majini wanaoeneza kichocho, nao hupenda maji yaliyotulia yenye mimea. Vijidudu vya ugonjwa huu hupenya ngozi ya mwogeleaji bila yeye kujua.

Kwa hivyo usitumie maji ya mto wala mimea iliyong'olewa bwawani. Jenga choo karibu, kwani mayai ya kichocho huingia majini kupitia mkojo au kinyesi cha mgonjwa. Ukikojoa damu, muone daktari. Kichocho kina tiba.