Kongwa nako kuna ngome

Ukitaja kutembelea ngome za kale wengi huwaza Ulaya: minara ya mawe, bonde la kijani, vijia vya kupanda mlima. Mimi nilishuka Mbande, barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, nikashika njia ya Kongwa.

Ngome za huku hazina minara. Mwaka 1947 Waingereza walikuja kulima karanga. Mvua ikawa haba, udongo ukakauka kama saruji, matrekta yakaharibika. Januari 1951 mpango ukafutwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikapotea. Yakabaki majengo, na stesheni isiyo na treni.

Mahame hayo ndiyo yaliyowapokea wapiganaji. OAU iliunda Kamati ya Ukombozi mwaka 1963, makao yake Dar es Salaam. Kuanzia 1964 FRELIMO, SWAPO na ANC wakawa na kambi Kongwa; wenzao wa Zimbabwe na Angola nao wakaja. ANC walikaa pale pale penye stesheni ya karanga! Vijana wa SWAPO waliotoka hapa walikuwamo katika mapigano ya kwanza ya Namibia, Omugulugwombashe, Agosti 26, 1966.

Leo wazee waliowauzia wapiganaji mahindi wanapungua, na kuta nazo haziwezi kusimulia zenyewe. Basi ukienda, tembea asubuhi, milima ya Kiboriani ikiwa mbele yako, na umwombe mwenyeji akupeleke kwanza makaburini, walikolala wapiganaji wasiorudi kwao.