Mlima Unapata Alama Ngapi?

Magharibi mwa Marekani kuna maofisa wa serikali wanaolipwa mshahara kwa kuipa milima alama. Ofisa anafika porini, anatafuta mahali pa kusimama, anatazama, kisha anajaza fomu. Umbo la ardhi, kuanzia 1 hadi 5. Uoto, vivyo hivyo. Maji, 0 hadi 5, maana jangwani huenda yasiwepo kabisa. Halafu rangi, mandhari ya jirani, na uadimu. Kipengele cha saba ni kazi ya mkono wa binadamu, na hicho ndicho pekee kinachoweza kuishusha jumla: barabara iliyochanjwa vibaya ubavuni mwa kilima inaweza kulikata eneo hadi alama 4, ilhali kibanda cha kale kilichokaa vizuri mahali pake kinaweza kuliongezea 2. Eneo likifikisha 19 ni daraja A. Kati ya 12 na 18 ni B. Likiishia 11 ni C.

Ukimweleza mtu habari hii kwa mara ya kwanza, atacheka. Uzuri uko machoni pa mwenye kutazama; utaupimaje kama kilo ya sukari? Swali ni la haki. Ila walioitunga fomu ile hawakuwa wameamini kwamba uzuri una mizani. Walichoka kuona kila mwenye mradi anakuja na tarakimu, megawati ngapi, tani ngapi, dola ngapi, na anayetetea mlima anakuja mikono mitupu.

Mwaka 1962 kampuni ya umeme ya Con Edison ilitangaza kwamba itajenga kituo kwenye mlima Storm King, kando ya mto Hudson, kaskazini mwa jiji la New York. Maji yangepandishwa juu kwa pampu wakati umeme hauhitajiwi sana, kisha yateremshwe kuzungusha mitambo wakati mahitaji yamepanda. Wapinzani wa mradi walikuwa na hoja kadhaa, samaki wakiwemo, lakini kiini cha kilio chao kilikuwa mlima wenyewe. Wakati ule haikuwa wazi kama mahakama ingemsikiliza mtu ambaye hasara yake ni kuharibiwa kitu kizuri asichokimiliki. Mwaka 1965 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliwasikiliza, ikaiagiza tume iliyotoa kibali irudi kuupima mradi upya, uzuri wa mahali ukihesabiwa. Mvutano ulikwenda hadi 1980, kampuni ilipokubali kuachana na mradi.

Katika miaka hiyohiyo wananchi walikuwa wakilalamikia misitu ya umma iliyofyekwa miti yote kwa mkupuo, huko Montana na West Virginia. Mtaalamu wa usanifu wa mandhari, R. Burton Litton, alikuwa ameshachapisha mwaka 1968 njia ya kueleza sura ya msitu kwa maneno ambayo mhandisi angeweza kuyatumia, na kufikia 1974 Idara ya Misitu ilikuwa na mfumo wake rasmi. Kisha sheria ya mwaka 1976 ikaitaja mandhari miongoni mwa mambo ambayo Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi, maarufu kama BLM, inapaswa kuyalinda. Ofisi hiyo, ambayo ndiyo yenye fomu ile ya alama, inasimamia karibu hekta milioni 99. Hilo ni eneo kubwa kidogo kuliko Tanzania nzima, maziwa yake yakihesabiwa.

Alama zile ndizo zinazosimuliwa sana, lakini kwangu mimi ni sehemu ndogo kabisa ya kazi. Zikishajumlishwa huulizwa maswali mawili mengine: nani anapaona mahali hapo, na yuko umbali gani? Yaliyo ndani ya kilomita 5 hadi 8 kutoka barabarani huhesabiwa kuwa karibu, kwa sababu hapo jicho linaona kila kovu. Kutoka hapo hadi kilomita 24 hivi ni nyuma. Kilichozidi hapo, au kilichofichwa na kilima, huingizwa katika kundi la visivyoonekana sana.

Majibu yote hayo ni taarifa tu. Hayazuii tingatinga hata moja. Uamuzi unafanywa katika mpango wa matumizi ya ardhi, ambako kila eneo hupewa moja ya madaraja manne. La kwanza ni la kuhifadhi sura ya ardhi ilivyo. La pili linaruhusu badiliko linaloonekana, mradi lisimvute macho mpita njia. Katika la tatu badiliko linaweza kumvuta macho, ila lisitawale. Katika la nne linaweza kutawala. Kwa hiyo bonde lenye alama nzuri linaweza kuwekwa daraja la nne kwa sababu chini yake kuna gesi. Hilo huwaudhi wapenzi wa mazingira, nami huniudhi pia, lakini walau imeandikwa: tulijua ni zuri, tukaamua kulitoa.

Uhodari wa mfumo huu unaonekana mradi unapofika mezani. Mtaalamu huchagua mahali ambapo watu husimama kweli, kama kituo cha kupumzikia, mlango wa hifadhi au kona ya barabara, kisha huulinganisha mradi na ardhi kwa mambo manne: umbo, mstari, rangi, na namna uso ulivyo, laini au wenye chembe. Njia ya umeme iliyofyekwa msituni inaumiza macho kwa mstari wake ulionyooka kama rula. Kingo zake zikikatwa kwa kupindapinda, nusu ya tatizo imekwisha.

Rangi nayo ina siri yake. Kila aliyesafiri kwa basi mchana ameliona paa la bati jipya likimulika kutoka kilima cha mbali. Mtu atasema, basi lipake rangi ya majani. Hapana. Kichaka kina maelfu ya majani, na kila jani linalitia jingine kivuli, kwa hiyo kwa mbali kichaka huonekana cheusi kuliko jani lake. Ukuta wa tangi hauna kivuli ndani yake. Ukilipaka tangi rangi ileile ya kichaka, litaonekana limepauka na kujitokeza. Ndiyo maana BLM huelekeza rangi iliyokoza zaidi ya mandharinyuma, na ina kadi yake ya rangi, zenye majina kama Covert Green na Shadow Gray, ambayo wenye visima vya mafuta hupewa wachague humo.

Ninapotofautiana na mfumo huu ni pale pa kusimama. Umejengwa juu ya macho ya msafiri aliye ndani ya gari. Mchungaji anayekitazama kilima kimoja miaka hamsini hahesabiki sawasawa na magari mia yanayopita Jumamosi.

Chukua reli ya kisasa inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Nairobi juu ya daraja la zaidi ya kilomita 6. Ukisimama mbugani, kila mstari ulioko mbele yako umelala: nyasi, upeo, mawingu. Nguzo za zege zinasimama wima, kwa safu, rangi yake imepauka. Kwa fomu ya Wamarekani mradi huo ungeanguka. Panda treni sasa, utazame chini: abiria anaona mbuga kwa namna ambayo kabla ya 2019 aliyeiona hivyo ni mwenye ndege. Tena picha inayopendwa kuliko zote za hifadhi hiyo ni ya twiga mbele na maghorofa ya jiji nyuma, na kwenye fomu maghorofa hayo yangekata alama.

Kilimanjaro ilipoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1987, kigezo kilichotumika kilikuwa kimoja tu, kile cha uzuri wa pekee wa maumbile. Picha yake maarufu, tembo wakipita chini ya theluji ya Kibo, hupigwa Amboseli, upande wa Kenya, kilomita 40 na zaidi kutoka kileleni. Ukijaza fomu ya BLM ukiwa hapo, mlima wa mita 5,895 unaangukia kwenye kundi la visivyoonekana sana. Na ukitaka kuulinda mwonekano huo usizibwe na minara na hoteli, mwanzo wake uko chini ya mamlaka za Kenya, mwisho wake chini ya mamlaka za Tanzania, na katikati kuna mashamba na ardhi za jamii zenye wenyewe, wanaohitaji kujenga.